Mzee na mkewe wametolewa TASAF: ulalamike wapi, uanze na swali gani?

Wazee wawili wanaishi nyumba moja na wajukuu, wanakula chungu kimoja. Siku ya malipo ya TASAF majirani wanaitwa, wao hawaitwi. Wakiuliza wanajibiwa, "Majina yenu hayapo." Basi, mambo yanaishia hapo.

Kwa watu wa Nachingwea na Ruangwa hili si jambo la kusimuliwa. Wengi hukata tamaa, au huenda ofisini kugombana kwamba fulani analipwa na ana hali nzuri kuliko wao. Hoja ya jirani haisaidii sana. Swali linalosaidia ni hili: jina lilitoka katika hatua gani?

Kwanza, anayelipwa ni nani?

Ruzuku ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini haihesabiwi kwa mtu mmoja mmoja. Inahesabiwa kwa kaya. Mume na mke wakiwa kaya moja, dai lao ni moja, na jina la mpokeaji ni moja. Mara nyingi ni la mama.

Zanzibar ni tofauti. Huko kuna Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Mume na mke wa Pemba waliofika umri huo ni madai mawili. Wa Ruangwa ni dai moja, na umri peke yake hautoshi. Kwa hiyo kusema "sisi ni wazee" hakumalizi kazi. Inabidi muonyeshe hali ya kaya nzima.

Jina linapita wapi?

Hatua ya kwanza ni kijijini. Wananchi kwenye mkutano hutaja kaya wanazoona ni maskini zaidi.

Ya pili ni dodoso. Mnaulizwa mko wangapi, nyumba imeezekwa kwa nini, mna mali gani. Majibu huingizwa kwenye mfumo, na mfumo ndio unaopima kama kaya imo au haimo.

Ya tatu, orodha hurudi kijijini ili wananchi waithibitishe.

Ya nne ni malipo yenyewe, taslimu au kwa njia ya simu au benki.

Kila hatua ina kosa lake. Na kila kosa lina mlango wake wa kubisha.

Kama hamkutajwa kabisa

Hilo ni suala la kijiji. Mkoa hauwezi kuwatajia jina. Mwoneni mwenyekiti, mtendaji wa kijiji na kamati inayosimamia mpango hapo kijijini. Ombeni suala liingie kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu.

Kama mmetolewa baada ya dodoso au uhakiki

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Uhakiki una sababu yake, maana miaka ya nyuma maelfu ya kaya ziliondolewa kwa kukosa sifa au kwa kuwa hewa. Lakini dodoso huona vitu. Halioni vilipatikanaje.

Chukua mfano. Wazee wameuza korosho mwaka mmoja mzuri, wakanunua bati. Miaka iliyofuata mikorosho imezeeka na nguvu za kupalilia zimeisha. Dodoso linaandika bati. Au kijana anayefanya kazi Dar es Salaam ameandikwa kama mkazi wa nyumba hiyo, wakati anakuja sikukuu tu.

Ombeni kujua kilichoandikwa juu ya kaya yenu: idadi ya watu, nyumba, mali. Kilichokosewa kitajeni kimoja kimoja. Msifiche bati, maana anayekuja kuhakiki ataliona. Elezeni lilinunuliwa lini na sasa mnaishi kwa nini. Stakabadhi za chama cha msingi zinazoonyesha kilo mlizouza misimu ya karibuni ni ushahidi mzuri kuliko maneno. Ziambatanishe.

Kama mmo kwenye orodha ila hela haifiki

Tatizo linaweza kuwa jina au laini ya simu. Jina la kwenye kitambulisho cha NIDA halifanani na la TASAF, au laini imesajiliwa kwa jina la mtoto. Kama mpokeaji amefariki au ameugua hawezi kutoka, kaya haifi naye. Ombeni kubadilisha mpokeaji.

Kama hela imepungua, ulizeni kuhusu masharti. Sehemu ya ruzuku inategemea watoto kuhudhuria shule na wadogo kupelekwa kliniki. Wazee wanaolea wajukuu wahakikishe mahudhurio yameandikwa sawasawa.

Na kama kuna mtu anadai "chake" ili jina lirudi, hilo si lalamiko la TASAF tena. Ni rushwa. Piga TAKUKURU, namba 113.

Andika, usiseme tu

Lalamiko la mdomo halina tarehe. Barua ya nusu ukurasa inatosha, kwa mfano:

"Sisi ni mume na mke, wakazi wa kijiji cha …, tuna wajukuu …. Tulikuwa walengwa wa TASAF. Hatujalipwa tangu malipo ya mwezi …. Tunaomba kujua: tumetolewa lini, katika hatua gani, na kwa sababu gani. Tunaomba pia kaya yetu ihakikiwe upya, kwa sababu …."

Wote wawili wasaini au waweke dole gumba. Toeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, mbaki nayo. Ipige picha kwa simu. Kama unaishi mjini na wazazi wako kijijini, kazi hii ya kuandika na kutunza nakala unaweza kuwafanyia hata ukiwa mbali.

Barua inapanda hivi

Anza na mtendaji wa kijiji. Kimya kikizidi, nenda kwa mratibu wa TASAF kwenye halmashauri ya wilaya, kisha kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri. Angalizo: Nachingwea na Ruangwa ni halmashauri mbili. Unaweza kuwa unakwenda mnadani Nachingwea kila wiki, lakini kama kijiji chako kiko Ruangwa, faili lako liko Ruangwa. Usipoteze nauli.

Juu ya hapo kuna makao makuu ya TASAF. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila malipo, na ina ofisi Lindi.

Sheria pia ipo upande wako. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Itaje kwenye barua, kwa heshima tu.

Tegemea nini?

Tuseme ukweli: ruzuku si pensheni ya michango. Nafasi na fedha za mpango zina kikomo, na kaya maskini inaweza kufuata utaratibu wote isirudishwe. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuambiwa "hamna sifa kwa sababu hii na hii" na kuambiwa "majina hayapo". Sababu ikitajwa, inaweza kupingwa. Jibu la pili halina pa kushika, na ndiyo maana barua yenu iombe sababu kabla ya kuomba hela.