Nyumba yetu haina namba

Leo sitaandika juu ya mihogo wala mbolea, hata kama njo kazi niliyosomea. Nataka kueleza kitu nilichokiona hapa kwetu Luena, kwa mudogo wangu, mtoto wa mama mudogo. Yeye ana usonji, ile Wafaransa wanaita autisme. Alipata diploma ya Serikali kwa akili yake mwenyewe, akataka kujiandikisha kwenye chuo kimoja (jina naliacha) kwa njia ya intaneti. Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Sisi tuliona ni kazi ya dakika kumi. Yeye aliifungua mara nne, kila mara akafika mahali pamoja, akafunga simu bila kusema kitu. Tulipojua shida iko wapi, tarehe ilikuwa imepita. Mwaka mzima ukaenda hivyo.

Kilichomkwamisha ni kisanduku kimoja chenye nyota nyekundu: avenue na namba ya nyumba, lazima kujaza. Mimi na wewe tungeandika 1 ao 00, tuendelee. Yeye aliniambia: "Yaya, nyumba yetu haina namba. Nikiandika namba, nitakuwa nimedanganya."

Tuelewane kwanza juu ya usonji. Si ugonjwa wa kutibu kwa vidonge, si uchawi, na si malezi mabaya ya mama. Ni ubongo uliojengwa kwa namna nyingine tangu utoto. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria karibu mtoto 1 kwa kila 100. Wengine hawasemi kabisa, wengine wanasema sana. Kuna anayesikia jenereta ya jirani kama iko ndani ya sikio lake. Kuna anayechukua kila neno jinsi lilivyoandikwa. Mtu wa namna hiyo ukimpa tovuti (tunazoea kusema "site") yenye picha zinazokimbia, muziki unaoanza wenyewe na matangazo yanayoruka mbele ya macho, ni kama umemwambia asome barua pa gare siku treni imefika.

Sheria za kutengeneza tovuti nzuri zipo. Kundi la W3C, linaloweka kanuni za wavuti duniani, lilitoa toleo la pili la kanuni zake za ufikivu mwaka 2008: sauti ikianza yenyewe na kupita sekunde 3, lazima kuwe na njia ya kuinyamazisha, kitu kikianza kutembea chenyewe zaidi ya sekunde 5 kando ya maandishi, mtu aweze kukisimamisha. Mwaka 2021 walitoa mashauri mengine juu ya watu wenye shida za kuelewa, kukumbuka na kutuliza akili. Uingereza nako, wizara ya mambo ya ndani ilitoa mabango mwaka 2016, na moja ni la usonji: rangi tulivu, sentensi fupi, hakuna mafumbo wala methali, na kitufe kiseme kitafanya nini. Si "Bonyeza hapa", bali "Tuma maombi".

Yote hayo ni mazuri, na nani anayetengeneza tovuti ayasome. Lakini hakuna bango la London linalojua kwamba nyumba nyingi za Luena hazina namba.

Sisi watu wa agronomia tunaijua hiyo hadithi. Aina mpya ya muhogo inaweza kuzaa vizuri kabisa kwenye stesheni ya utafiti, tani juu ya tani, halafu mama mkulima anaikataa kwa sababu majani yake hayafai kwa sombe, ao unga wake hautoi bukari anayoitaka. Pale stesheni walipima mizizi, hakuna aliyeuliza juu ya sombe. Ndiyo maana siku hizi jaribio linapelekwa kwenye shamba la mkulima mwenyewe, naye anachagua. Tovuti ni vilevile.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa informatiki, alikuwa anatengeneza fomu ya kuagiza mbegu kwa simu. Nikamwambia, tumwite mudogo ajaribu. Siku ya kwanza tuliharibu karibu kila kitu. Tulifika watu watatu bila kumwonya. Tukamwambia afanye kazi huku anasema kwa sauti yote anayowaza, kama wanavyofundisha kwenye vitabu vya majaribio. Akanyamaza, juu kwake kusoma na kusema pamoja ni kazi mbili. Tukamuuliza: "Iko muzuri?" Akajibu "Ndiyo", na hakuwa amefika hata nusu. Mama mudogo naye akawa anamjibia.

Mara ya pili tulimtumia ujumbe siku moja mbele: tutakuwa wawili, tutaketi kwenye baraza yenu, tutatumia simu yako mwenyewe, dakika 30, unaweza kusimama wakati wowote, na tunaopimwa ni sisi na fomu yetu, si wewe. Tulimlipa pia, kazi ni kazi. Halafu tukanyamaza tukaangalia kidole chake. Maswali tuliyaweka mwisho, nayo ya kushika: ulibonyeza wapi kwanza? Hapa ulisimama, ulikuwa unangoja nini?

Hapo njo tulianza kuona. Kisanduku cha "Jina kamili" kilimchukua dakika nyingi: aanze na nom, post-nom ao prénom? Kulikuwa na duara linalozunguka wakati mtandao ni mzito. Hakujua kama simu inafanya kazi ao imekufa, akabonyeza tena, na oda ikaenda mara mbili. Rafiki yangu aliandika kurasa mbili za makosa, na kanuni zote alikuwa amezifuata.

Kuna mtaalamu wa Denmark, Jakob Nielsen, aliyeandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kuonyesha makosa mengi ya tovuti. Kwa usonji mimi sitegemei hesabu hiyo, maana wawili wenye usonji wanaweza kutofautiana kuliko mimi na wewe. Jaribu na mmoja, sahihisha, tafuta mwingine.

Mtu atasema: huku umeme wenyewe ni shida, wewe unaleta mambo ya usonji? Ndugu, ukurasa usio na picha zinazokimbia unakula mega kidogo, na kila mtu wa hapa anafurahi. Tena si kuombana huruma: Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na kifungu cha 9 kinataja intaneti kwa jina. Sheria yetu wenyewe ni ya tarehe 3 Mei 2022.

Sasa kwenye fomu ya mbegu, kisanduku cha anwani kina chaguo "Nyumba haina namba", na majina yako kwenye visanduku vitatu. Juma lililopita mudogo aliijaza peke yake mpaka mwisho. Halafu akaturudishia simu: "Kitufe kinasema Maliza, lakini nyuma yake kuna ukurasa mwingine." Rafiki yangu ameanza kukibadilisha.