Chuo Kikuu Mtandaoni Kaskazini Mashariki: Kweli au Si Kweli?

Matokeo ya KCSE yakitoka, wazazi wa Garissa, Wajir na Mandera huwa na swali moja: kijana aende chuoni, au chuo kimfuate nyumbani? Katika kulijibu, kuna maneno yanayorudiwa hadi yakaonekana ni sheria. Mengine yanawanyima watoto wetu shahada. Tuyapime.

Dai: "Masomo ya mtandaoni ni ya watu wa Nairobi."
SI KWELI. Mfano mzuri uko Dadaab, ndani ya Kaunti ya Garissa. Mwaka 2013 ulianza mradi wa Borderless Higher Education for Refugees, ulioviunganisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vikuu viwili vya Canada, York na British Columbia. Wakati huo mkimbizi wa kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley au Hagadera, hakuweza kutoka kambini bila kibali. Kumwambia aende kusoma Nairobi kulikuwa sawa na kumwambia asisome.

Wengi wa wanafunzi wa mradi huo walikuwa walimu wa shule za kambini, waliokuwa wakifundisha bila mafunzo rasmi. Mradi haukuwataka waache kazi. Sehemu ya masomo walifundishwa ana kwa ana, sehemu wakaisoma mtandaoni, na Dadaab kukawa na kituo cha kusomea. Walianza na cheti, wengine wakapanda hadi diploma na shahada. Mbinu aliyoisoma mwalimu jioni, kesho yake aliweza kuijaribu mbele ya wanafunzi wake.

Dai: "Mambo haya yaliletwa na korona."
SI KWELI. Korona ilifunga vyuo Machi 2020 na kuwalazimisha hata waliokuwa wakisitasita. Lakini Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa shahada ya ualimu kwa masafa mwaka 1986, enzi za vitabu vya posta na kanda za sauti. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Intaneti imebadilisha chombo tu. Kazi yenyewe ni ya zamani.

Dai: "Shahada ya mtandaoni ni nyepesi, waajiri hawaitambui."
SI KWELI, ila chunguza kwanza. Kinachoipa shahada uzito ni idhini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, awe mwanafunzi alikaa ukumbini au nyumbani. Agosti 2023 serikali ilikipa Chuo Kikuu Huria cha Kenya hati yake, na kazi yake ni kufundisha kwa njia hii. Kuna kozi zisizokubali njia ya mkato: muuguzi lazima ashike mgonjwa wodini, mhandisi lazima aingie maabara. Anayekuahidi uuguzi wa kwenye simu peke yake, mkimbie.

Dai: "Mnara ukifika, tatizo limekwisha."
SI KWELI. Al-Shabaab wameshambulia minara ya simu mara nyingi katika kaunti zetu tatu, na mnara ukilipuliwa, eneo zima hukatika mawasiliano. Umeme nao ni vivyo hivyo. Garissa ina kituo kikubwa cha umeme wa jua, kilichozinduliwa Desemba 2019, lakini umeme wake huingia gridi ya taifa, na vijiji vingi viko mbali na nyaya hizo.

Chukua mwanafunzi anayeishi nje kabisa ya Modogashe. Anafika mjini siku ya soko, anapakua masomo ya wiki nzima, anarudi nyumbani na kuyasoma kwa simu anayoichaji kwa paneli ndogo ya jua. Mhadhiri akimpa maandishi na sauti nyepesi, atafaulu. Akimpa video za saa mbili na kazi inayofungwa saa sita usiku, bando litaisha na jina lake litafutwa orodhani. Unyumbufu wa ratiba ndio humwokoa mwanafunzi wa huku, kuliko ukubwa wa simu yake.

Dai: "Kusoma nyumbani kutawamalizia wasichana matatizo."
NUSU KWELI. Safari ndefu na hofu ya kumpeleka binti mbali vinapungua. Lakini binti aliye nyumbani huitwa kuteka maji, kupika na kulea. Familia ikimsajili bila kumtengea saa zake, haijampeleka chuoni. Baba na mama waandike saa hizo na waziheshimu kama saa za kazi.

Dai: "Basi hatuhitaji tena chuo chenye majengo."
SI KWELI. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika shambulio kwenye Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Januari 2016 chuo kikafunguliwa tena, na mwaka 2017 kikapata hati ya chuo kikuu kamili. Eneo hili lilikataa kupoteza mahali pa kusomea, na lilifanya vyema. Maktaba, maabara na mhadhiri unayemfahamu kwa sura ni vitu ambavyo hata mwanafunzi wa masafa atavihitaji. Lakini mafuriko ya Novemba 2023 yalipokata barabara ya Nairobi, tulijifunza pia kwamba chuo kisicho na mlango wa pili mtandaoni kinaweza kufungwa na maji.

Faida kubwa kuliko zote ya kusoma bila kuhama ni walimu. Baada ya walimu kuuawa katika shambulio la Kamuthe, Kaunti ya Garissa, Januari 2020, Tume ya Utumishi wa Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na shule zetu zikabaki na madarasa matupu. Mwenyeji anayesomea ualimu bila kuhama kwake ana sababu ya kubaki. Kwa hiyo, kabla ya kulipa karo, uliza: kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Mtihani nitaufanyia wapi? Masomo yanasomeka bila mtandao? Nikikwama, nani atanijibu, na baada ya muda gani? Chuo kikijibu yote manne waziwazi, msajili mtoto.