Kumtafuta Anayestahiki: Funzo la Shura ya Madina

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Imamu wa msikiti anapofariki au kadhi anapostaafu, watu huuliza: "Nani atashika nafasi yake?" Sisi tunaona kuna swali linalotangulia: nani atamtafuta, na atamtafuta vipi? Si mara moja tumeona jamaa wakigawanyika, na anayefaa yupo miongoni mwao, kwa kuwa waliokaa kumtafuta walikuwa na haja zao.

Tuitazame shura ya mwaka 23 Hijria (644 Miladia). Sayyidna Umar (r.a.) alipochomwa jambia, aliwataja watu sita: Uthman, Ali, Talha, Zubayr, Saad bin Abi Waqqas na Abdurrahman bin Auf (r.a.). Mwanawe Abdullah alimruhusu kuhudhuria tu, bila ya kuwa na fungu katika jambo lile. Na kwa kuwa aliwahi kumuuzulu Saad, alibainisha kuwa hakumwondoa kwa udhaifu wala khiyana. Hivyo alilinda heshima ya mtu hata baada ya kumwondoa kazini.

Katika mapokezi ya Imamu Bukhari, watatu waliwaachia wenzao, wakabaki Uthman, Ali na Abdurrahman. Hapo Abdurrahman akajitoa, akapewa jukumu la kuchagua baina ya wawili waliobaki. Zingatia, ndugu msomaji: alipata haki ya kuchagua baada ya kuacha haki ya kuchaguliwa.

Kisha hakujifungia na rafiki zake. Ibn Kathir anaeleza katika Al-Bidaya wan-Nihaya kwamba aliwauliza wakubwa na wadogo, wanawake majumbani, watoto vyuoni na wasafiri waliokuwa wakiingia Madina. Siku zile usingizi wake ulikuwa mchache. Usiku wa mwisho alizungumza na Ali, kisha na Uthman, mpaka adhana ya alfajiri ikawatenganisha. Baada ya sala, mbele ya Muhajirina, Ansari na maamiri wa majeshi, alimpa Uthman baia, na watu wakafuata.

Ama sifa za anayetafutwa, Suratul Qasas, aya ya 26, inataja mbili: nguvu na uaminifu. Ibn Taymiyya ameeleza katika As-Siyasa ash-Shar'iyya kwamba ni nadra sifa hizi kukamilika kwa mtu mmoja, na kwamba nguvu ya kila kazi ni kwa kadiri ya kazi yenyewe. Kwenye vita hutangulizwa shujaa, na kwenye kuhifadhi mali hutangulizwa muaminifu. Basi nguvu ya imamu ni kisomo chake na kuijua Sunna. Nguvu ya kadhi ni elimu ya hukumu na uwezo wa kuitekeleza.

Wala mapenzi na uchaji peke yake havitoshi. Abu Dharr (r.a.) alikuwa mpenzi wa Mtume (s.a.w.), lakini katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume alimwambia kuwa ni dhaifu, akamkataza kutawala hata watu wawili na kusimamia mali ya yatima.

Kwa hiyo tunawanasihi wenye kamati za misikiti na madrasa. Anayeitaka nafasi, au anayemtakia jamaa yake, asikae katika baraza la kuchagua. Wanaochagua wabainishe kwanza kazi inahitaji nini. Wawaulize maamuma, kina mama, wanafunzi, majirani na waliofanya biashara na mtu huyo. Na asiyechaguliwa asitangaziwe aibu, kwani huenda kesho akahitajika.

Cheo ni amana, na Suratun Nisaa, aya ya 58, imetuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Anayempa asiyestahiki hali anamjua anayestahiki amewakhini watu wote wanaoswali nyuma yake.

Wallahu aalam.