Kabla ya kuomba udaktari wa meno, hesabu viti

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka Julai, vijana wengi waliosoma Fizikia, Kemia na Baiolojia (PCB) huwa bado wako kwenye makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Fomu za chuo hujazwa na mzazi au kaka, mara nyingi kwenye steshenari ya mtaani, na swali la mwenye duka ni lilelile: tuweke nini baada ya udaktari? Ndipo meno yanapoingia, chaguo la pili, bila mtu kuuliza zaidi.

Kwa hapa Tanzania uchaguzi wenyewe ni mfupi. Muhimbili, yaani MUHAS, inafundisha fani hii tangu 1979. Chuo Kikuu cha Dodoma kimeingia juzijuzi tu. Kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kinataja sifa za chini katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, na wazazi wengi huzisoma kana kwamba ndizo tiketi ya kuingia. Sivyo. Nafasi ni chache, na wanaopanga ushindani ni waombaji wenzako wa mwaka huo. Kwa hiyo omba vyuo zaidi ya kimoja. Ukichaguliwa kote, utathibitisha kimoja.

Lakini tuseme umepata pa kuchagua. Wengi huangalia jina la chuo. Mimi ningeangalia viti: vile vya kliniki, anapolala mgonjwa akiwa amefumbua mdomo. Mwanafunzi wa meno haishii kusimama nyuma ya bingwa akitazama. Huanza na vichwa bandia, kisha hupewa mgonjwa wake mwenyewe, achome ganzi, atoboe, azibe, na mwalimu aje kukagua. Jino likishachongwa vibaya halirudi. Basi uliza: viti vinavyofanya kazi ni vingapi, na darasa lina wanafunzi wangapi? Maabara ya meno bandia ipo? Vifaa vya mkononi ananunua nani? Usiulize ofisini, waulize wa mwaka wa nne na wa tano, asubuhi ya siku ya kazi, foleni ikiwa imejaa.

Foleni yenyewe inasema mengi. Wagonjwa wetu wengi huja jino limeshaoza kabisa, kwa hiyo kung'oa utajifunza popote. Kutibu mzizi ni habari nyingine: gharama iko juu, mgonjwa anatakiwa kurudi tena na tena, na wanafunzi huwagombania wachache wanaokubali. Hospitali ya rufaa itakuonyesha uvimbe wa taya na mataya yaliyovunjika kwa ajali za bodaboda. Chuo kichanga kinaweza kukosa hayo, ila darasa likiwa dogo utashika mashine mapema zaidi.

Nje ya mipaka kuna vyuo vikuu vya Nairobi, Moi kule Eldoret, na Makerere. Huko shahada inaitwa BDS, kwetu DDS. Kazi ni ileile, na mabaraza ya Afrika Mashariki hukagua vyuo hivyo kwa pamoja. Ukienda mbali zaidi, India au China, anza TCU upate cheti cha kutokuwa na pingamizi, na ujue kuwa ukirudi Baraza la Madaktari Tanganyika litakupima. Mawakala hupenda kusisitiza kwamba masomo ni kwa Kiingereza. Darasani, labda. Mgonjwa wa China ataeleza maumivu yake kwa Kichina, na usipomwelewa kiti atapewa mwenzako.

Aliyekosa nafasi kabisa asidharau stashahada ya utabibu wa meno inayoombwa kupitia baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Mwenye ufaulu mzuri anaweza baadaye kuomba DDS kwa cheti hicho, na ataingia darasani akiwa ameshang'oa meno ya watu halisi, jambo ambalo wenzake waliotoka moja kwa moja kidato cha sita watalisubiri kwa miaka.