Programu ya Kuhariri Video kwa Mwanafunzi wa Sekondari: Bei, Haki na Umeme

Mwalimu wa Kiswahili wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani akiwatuma wanafunzi wake kukusanya hadithi za wazee, leo hawarudi na daftari peke yake. Hurudi pia na video zilizopigwa kwa simu. Ndipo swali linapozuka: kazi hiyo itahaririwa kwa chombo gani, na nani atakilipia? Makala haya yanakusudia kueleza ni programu zipi zinazomfaa mwanafunzi asiye na fedha, na kwa nini uchaguzi huo si jambo dogo kwa idara inayojishughulisha na fasihi simulizi. Kinachowekwa hatarini ni sauti ya mtu ambaye pengine hatapatikana tena kurekodiwa mara ya pili.

Tuanze na istilahi. Mjini watu husema «kufanya montaje», kwa kufuata Kifaransa, na neno hilo halina ubaya: linaonyesha vizuri kazi ya kuunganisha vipande. Hapa nitatumia «kuhariri», kwa sababu mwanafunzi amekwisha kulizoea katika maandishi, na kazi yenyewe yafanana: kukata, kupanga, kusahihisha, kuondoa kisichofaa.

Programu ambayo wengi huitaja kwanza ni Premiere ya kampuni ya Adobe, iliyotokea mwaka 1991. Hapo zamani mtu aliinunua mara moja ikawa yake. Tangu mwaka 2013 Adobe iligeukia utaratibu wa kukodisha: matoleo mapya hulipiwa kila mwezi, na ada ya kawaida ya mtu mmoja imepita dola 20. Kwa familia nyingi za wanafunzi wetu hiyo si bei, ni kizuizi. Matokeo yake yanajulikana. Mwanafunzi huuziwa sokoni nakala iliyovunjwa kufuli, aghalabu katika kidole cha USB kilichopita kompyuta nyingi. Tukiacha suala la sheria, mvunja kufuli aweza kutia ndani ya programu chochote apendacho, na mara nyingi maagizo yanayoambatana na nakala hizo humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya virusi. Kompyuta inayofunguliwa mlango kwa namna hiyo ndiyo ile ile yenye rekodi ya bibi akisimulia.

Hapana haja ya kufika huko. Lakini kabla ya kutaja programu, yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo Kiswahili, kwa bahati njema, hukitenga kila kimoja kwa neno lake: bure na huru. Programu ya bure ni ile isiyolipiwa. Mwenyewe aweza kesho kuanza kuitoza, au kuifuta. Windows Movie Maker, iliyowafunza watu wengi kazi hii, ilikuwa ya bure, na Microsoft iliacha kuitoa Januari 2017. Programu huru ni ile ambayo leseni yake inampa kila mtu haki ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Leseni mashuhuri ya aina hiyo ni GPL, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989 na Richard Stallman kwa ajili ya mradi wake wa GNU. (Wanaisimu watapenda kujua kwamba «huru» na «kuhariri» yametoka katika shina moja la Kiarabu, ambamo kitenzi kimoja chaweza kuwa na maana ya kukomboa na ya kuhariri maandishi.)

Kwa shule zetu tofauti hiyo ina uzito kuliko bei. Mahali ambapo intaneti ni ghali, mwalimu mmoja aweza kuipakua programu huru mara moja tu, kisha akaigawia darasa zima kwa kidole cha USB. Tendo lile lile ambalo kwa Premiere lingekuwa wizi, hapa ni haki iliyoandikwa.

Programu huru tatu zafaa kutajwa: Shotcut, Kdenlive na OpenShot. Zote hufanya kazi katika Windows, katika Linux na katika kompyuta za Apple, na zote zina leseni ya GPL. OpenShot, iliyoanzishwa na Jonathan Thomas mwaka 2008, ndiyo rahisi kuanza nayo, ila kwa maoni yangu mwanafunzi huifikia mipaka yake mapema. Shotcut ni ya wastani. Kifurushi chake hakifiki nusu gigabaiti, na kwa Windows lipo toleo linaloendeshwa bila kusakinishwa, jambo lenye manufaa katika kompyuta ya shule ambayo mwanafunzi hana ruhusa ya kuigusa ndani. Kdenlive ndiyo ninayoipendelea kwa kazi ya idara, kwa sababu zitakazoonekana hapa chini.

Nje ya hizo, DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye nguvu nyingi sana, lakini inadai kompyuta ya gharama na kadi nzuri ya picha. Asiyelipia programu atailipia mashine. iMovie ni ya bure kwa mwenye vyombo vya Apple pekee. Clipchamp, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2021, huhitaji intaneti. Kati ya programu za simu, baadhi, kama KineMaster, hubandika chapa yao juu ya picha ya asiyelipa.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Simu inayorekodi kwa kasi ya megabiti 17 kwa sekunde hutoa megabaiti 127 hivi kwa dakika, yaani saa moja ya masimulizi hupita gigabaiti 7. Kompyuta yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu hujikongoja mbele ya mzigo huo, picha ikakwamakwama hata mhariri asijue akate wapi. Dawa ipo katika Kdenlive na Shotcut: programu hutengeneza nakala nyepesi ya kila video, mhariri akafanya kazi juu ya hiyo nyepesi, na mwishoni programu hurudi yenyewe kwenye video asilia ili kutoa filamu safi. Jambo jingine: simu nyingi hazirekodi picha kwa mwendo ulio sawa, na matokeo yake midomo na sauti huachana polepole kadiri filamu inavyoendelea. Programu hizi mbili huweza kulitambua tatizo na kupendekeza kuigeuza video kwanza. Pendekezo hilo likubaliwe, ijapokuwa ugeuzaji huchukua muda na nafasi.

Kosa linalowaumiza wanaoanza ni kutoelewa faili la mradi ni nini. Faili hilo halina video ndani yake. Lina maelezo tu: chukua video fulani, mahali fulani katika diski, kata hapa, unga pale. Mwanafunzi akinakili faili hilo peke yake na kulipeleka kwa mwalimu, mwalimu atakuta mradi mtupu. Kwa hiyo video, sauti na faili la mradi viwekwe tangu mwanzo katika folda moja, na ihamishwe folda nzima. Kdenlive ina hata amri ya kuufungasha mradi wote pamoja. Kuhusu umeme unaokatika, programu zote mbili hujihifadhia nakala za dharura, na baada ya kuwashwa tena huuliza kama zirejeshwe. Lakini hazihifadhi rekodi asilia, na hiyo ndiyo inayopasa kunakiliwa katika diski ya pili kabla hata ya kukata kipande cha kwanza.

Imebaki sehemu inayotuhusu sisi zaidi, nayo ni maandishi yaendayo chini ya picha. Taasisi ya Max Planck ya isimunafsia huko Nijmegen hutoa bila malipo programu iitwayo ELAN, ambayo kwayo mtafiti hunakili usemi akiuoanisha na wakati wake. ELAN huweza kutoa manukuu katika umbizo la SRT, na Kdenlive hulipokea. Hivyo unukuzi wa kitaaluma na filamu ya mwanafunzi hutokana na kazi moja.

Faili la SRT ni maandishi matupu: namba, saa ya kuanza na ya kuisha, kisha maneno. Kwa video moja yaweza kuandaliwa mafaili mawili, moja likifuata Kiswahili cha msimulizi jinsi alivyokitamka, la pili likiwa katika Kiswahili sanifu, bila moja kufuta jingine. Mwanafunzi asiye na ELAN aweza kuyaandika hata katika programu ndogo ya maandishi inayokuja na Windows, mradi akumbuke kuyahifadhi katika usimbaji wa UTF-8. La sivyo alama za Kifaransa na za toni zitageuka vijiduara na maswali.