Kabla ya Kuokota Makopo

Mswahili akitaka kusema fulani amerukwa na akili, husema "anaokota makopo". Mzazi humtisha kwa maneno hayo mwanawe anayevuta bangi, na vijana huyarusha vijiweni kama utani. Tumeyazoea mno hata tunaamini kopo na ugonjwa ni kitu kimoja: ubongo ukiugua, miguu inajipeleka yenyewe jalalani.

Si kweli. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na kila mgonjwa niliyewahi kufuatilia historia yake hadi mwanzo alikuwa na kwao. Tangu akili ilipoanza kuugua hadi usiku wake wa kwanza kwenye baraza la duka, ilipita miaka. Katika miaka hiyo milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na mingi haikufungwa na ugonjwa.

Tuchukue skizofrenia, ugonjwa ambao watu wengi wanaufikiria wanaposema "kichaa". Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya kila watu 300 hivi duniani, mmoja anaugua. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, pale mtu anapomaliza shule, anapotafuta kazi au kuposa. Kwanza usingizi unapotea. Kijana anajitenga, anaacha kuoga, anakaa gizani. Baadaye anasikia sauti za watu wasiokuwepo, au anashikilia kwamba jirani anamtilia sumu kwenye chakula. Kwake sauti hizo ni halisi kama hii yangu ingekuwa halisi kwako tungekaa pamoja. Ndiyo maana kumwambia "acha ujinga" hakumsaidii, kunamwondolea tu mtu mmoja zaidi wa kumwamini.

Familia humpeleka kwanza kwa mganga au kwenye maombi. Sitawalaumu, kwa sababu ndugu anayehangaika hivyo bado hajakata tamaa. Hasara ni muda na fedha. Wanapofika hospitali ng'ombe wameshauzwa, na ugonjwa ambao ungetibika kwa wepesi ulipokuwa mchanga umeota mizizi. Hata hivyo dawa husaidia. Sauti zinapungua, kijana anarudi shambani, na baada ya miezi anasema, "Nimepona, dawa za nini tena?" Zinamkakamaza shingo, zinamtetemesha mikono, zinamlaza mchana kutwa. Anaziacha. Ugonjwa unarudi, safari hii na dirisha la jirani limevunjwa.

Bado hajafika mtaani, kwa sababu yupo mtu mmoja anayembeba, na mara nyingi ni mama. Mama ndiye anayejua saa ya dawa, anayeficha panga, anayekwenda kuomba radhi kwa majirani. Kisha mama anafariki. Nyumba inagawanywa, kila mrithi ana watoto wake na kodi yake, na mgonjwa anakuwa wa wote, yaani si wa mtu. Nikiwauliza ndugu, "Alianza lini kulala nje?" wengi hawanitajii tarehe ya ugonjwa. Wananitajia msiba.

Akishafika nje, mtaa wenyewe unakuwa ugonjwa wa pili. Kukosa usingizi huamsha sauti, na barazani hakuna usingizi. Mwanamke anayelala nje yuko hatarini kubakwa. Malaria haitibiwi, kidonda kinaoza. Watu huuliza kwa nini wasipewe tu dawa. Fikiria dawa hizo zinafanya nini kwenye mwili ulio nje. Klopromazini huleta usingizi mzito, na anayelala usingizi mzito kwenye stendi ya mabasi huamka hana shuka wala viatu. Dawa hiyohiyo huifanya ngozi iungue upesi juani, naye hana kivuli. Baadhi ya dawa hizi huongeza njaa kwa mtu asiyejua atakula wapi. Hata vidonge hana pa kuviweka, maana mfuko wake hutupwa na wafagiaji alfajiri. Kwa hiyo anayekataa dawa mtaani si lazima awe anakataa kwa wazimu. Wakati mwingine ndiyo akili iliyobaki inamlinda.

Ndiyo maana kuwakusanya watu kwa gari kila unapokaribia ugeni mkubwa hakujawahi kusaidia. Wanapelekwa wodini, wanachomwa sindano, wanatulia, wanaruhusiwa. Wanaruhusiwa kwenda wapi? Wanarudi barazani, na mwaka unaofuata gari linawapakia walewale.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikipita karibu na soko ambako mama mmoja wa makamo alikuwa akikaa na viroba vitatu. Nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Wauza mitumba walimwita kwa jina ambalo sitaliandika. Siku ya kwanza nilisimama mbali kidogo nikasema, "Shikamoo mama." Hakunitazama. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya nne aliitikia, "Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Kwa neno hilo nilijua nazungumza na mtu aliyelea watoto. Sikumuuliza jina, kwa kuwa aliyekamatwa mara nyingi huogopa swali hilo. Nilimuuliza kwao wanalima nini. Uwele, akasema. Mto gani uko karibu? Akautaja. Shule? Akaitaja, pamoja na mwalimu mkuu wa zamani. Lafudhi yake ilikwisha kunieleza mkoa. Wiki tatu za simu, kutoka afisa ustawi wa wilaya hadi mtendaji wa kata, kisha mwenyekiti wa kitongoji, zilinifikisha kwa kaka yake. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu. "Huyo dada yetu tulishaanua matanga yake," akasema.

Walikuwa wamemlilia, na sehemu yake ya shamba ilikuwa imeshagawanywa. Hapo ndipo kazi yetu ilipo ngumu. Kumpata mtu ni nusu. Nusu nyingine ni kumtafutia nafasi katika nyumba iliyokwisha kujipanga bila yeye. Ilichukua vikao vitatu vya ukoo. Leo ana chumba nyuma ya nyumba ya kaka yake, na kila mwezi anachomwa sindano ya flufenazini kwenye kituo cha afya, inayomwondolea kazi ya kukumbuka vidonge kila siku. Aliwahi kuzidiwa mara moja tangu arudi. Alirudishwa hospitali, akatoka, akakuta chumba chake kipo.

Wazo la kutanguliza makazi lina ushahidi. Mwaka 1992, huko New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza kuwapa wagonjwa wa akili waliolala mitaani nyumba kwanza, bila sharti la kutumia dawa kabla ya kupata funguo. Kanada ililipima wazo hilo kati ya 2009 na 2013 katika miji mitano, kwa watu zaidi ya 2,000, na waliopewa nyumba walidumu ndani zaidi kuliko waliopata huduma za kawaida. Afrika nayo ilikwisha kuonyesha njia yake. Mwaka 1954 daktari Thomas Lambo alianza pale Aro, Nigeria, kuwatibu wagonjwa mchana huku wakiishi na ndugu zao katika vijiji vya jirani. Kijiji chenyewe kilikuwa sehemu ya tiba.

Sisi Tanzania hatuna maghorofa ya serikali ya kuwagawia wote. Tuna koo, vitongoji, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyochukua nafasi ya sheria ya tangu ukoloni. Tuna hospitali ya Mirembe kule Dodoma, ambayo jina lake tumeligeuza tusi ilhali inaokoa watu. Wewe unaweza kuanza na madogo. Usimpige picha aliye uchi ukaisambaza. Msalimie kwa salamu ya umri wake. Mwanao akikosa usingizi wiki nzima na kuanza kusema peke yake, mfikishe hospitali wiki hiyohiyo, hata kama maombi yanaendelea.

Na kama nyumbani kwenu yuko mgonjwa anayebebwa na mama peke yake, kaeni kikao mama angali hai. Mwulizeni saa za dawa, tarehe ya kliniki, chakula anachokikubali siku hali yake ikiwa mbaya. Kisha mkubaliane, mbele ya mgonjwa mwenyewe, ni nani atakayechukua zamu, na chumba gani hakitagawanywa. Kikao hicho kikingoja arobaini, mtu wenu atakuwa ameshatoka mlangoni na kiroba chake.