Ghalani Nako Kuna Hatari

Mavuno yakishafika nyumbani, mkulima wa Singida hushukuru kwamba kazi ngumu imekwisha. Lakini kupura, kupepeta na kuhifadhi mtama, uwele au mahindi nako ni kazi, na kila kazi ina madhara yake. Ukizijua dalili utajikinga mapema.

Kwanza ni vumbi. Anayepepeta nafaka huvuta vumbi kifuani, na vumbi la nafaka yenye ukungu ni baya zaidi. Akikohoa, akibanwa kifua au akishikwa na homa jioni ya siku hiyo, asiseme ni malaria tu. Aende akapimwe, na amweleze mganga kazi aliyofanya. Wakati wa kupepeta, simama upande unakotoka upepo na ujifunge kitambaa puani na mdomoni.

Pili ni sumu. Mwaka 1981 mdudu dumuzi, ambaye wengi humwita Scania, aligunduliwa mkoani Tabora, jirani zetu. Tangu hapo wakulima wengi wamezoea kuchanganya nafaka na dawa ya unga. Dawa hiyo isichanganywe kwa mikono mitupu wala katika beseni la chakula. Ukimaliza, oga kwa sabuni kabla ya kula.

Hatari kubwa kupita zote ni vidonge vya kufukiza. Kidonge kikikutana na unyevunyevu wa hewa hutoa gesi ya sumu. Gesi hiyo hupenya gunia, nyufa za ukuta na chini ya mlango. Pengine hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usingojee harufu, kwani yaweza kukudhuru kabla hujaisikia. Kwa hiyo vidonge hivi visitumike kamwe katika nyumba wanamolala watu, hata kama magunia yamo chumba cha pili.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika na kubanwa pumzi. Watu wa nyumba moja wakiugua hivyo usiku mmoja, msidhani ni chakula tu. Tokeni nje wote, wakubwa kwa watoto, kisha nendeni hospitali upesi mkiwa na maelezo ya mkebe wa dawa. Msimpe mgonjwa maziwa wala msimtapishe. Maziwa hayaondoi sumu hii.

Tatu ni ukungu wenyewe. Mwaka 2016, katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, na 20 kati yao walifariki. Kausheni nafaka barabara, na magunia yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta.

Maswali ya kujadili: Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi ambamo watoto hulala pamoja na magunia? Je, nani aliyeweka dawa humo, na ni dawa gani?